Banda la Oili Chafu

Mimi na Apakuki tumetukanana tangu tungali watoto wa kupanguswa makamasi, na hatukuwahi kununiana hata siku moja. Kwetu Fiji ndivyo ilivyo: mtoto wa mjomba ni mtani wako. Atakuita jini, utamwita nguruwe, mtacheka na mtakula sahani moja. Ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Kwa hiyo siku ile alipoingia maabara bila kubisha hodi, amevaa shati lake la maua la Ijumaa na tabasamu la mtu anayetaka kitu, sikushtuka.

"We bibi wa chupa," akaniambia, "bado hujapata mume tu? Au nao unawapima kwenye mashine kwanza?"

"Nawapima. Wote wana maji mengi, kama wewe."

Akacheka mpaka akajishika tumbo. Yeye alikuwa meneja wa uzalishaji na mimi mkuu wa maabara, katika kiwanda kimoja cha vilainishi pale Suva, karibu na bandari. Tunatengeneza oili za injini, oili za mitambo ya sukari, na grisi za kila namna. Nilikuwa nimepiga kelele mle kiwandani mpaka sauti ikanikauka. Kila kikao nilisema yale yale. Oili tunayoiuza inarudi ardhini na baharini ikiwa chafu, basi tuikusanye, tuisafishe, iwe oili tena, tuache kuagiza yote mpya kwa meli. Maji ya kuoshea mapipa tuyachuje tuyatumie tena badala ya kuyafungulia baharini. Na oili ya misumeno ya msituni, ambayo itamwagika chini upende usipende, tuitengeneze kwa mafuta ya nazi. Wakurugenzi walikuwa wakinisikiliza huku wakitazama saa.

"Wamekubali," akasema Apakuki.

"Kukubali nini?"

"Yote. Mashine ya kusafisha oili chafu imeshanunuliwa. Tatizo ni mahali pa kuiweka, hapa mjini hakuna nafasi. Nikafikiria lile shamba la mihogo lililoachwa, kule nyumbani Vunitiri."

Nilimrukia nikamkumbatia, mwanamke mzima. Nilipomwachia nikamuuliza kwa nini asiende kuliomba mwenyewe, maana Vunitiri ni kijiji cha baba yake.

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Tangu mzee afariki, kazi ya kupokea imeniangukia mimi. Mtu akija kuomba na jino la nyangumi, mimi ndiye ninayelipokea kwa niaba ya wazee. Sasa nijiombe halafu nijipokee? Lakini wewe, mtoto wa dada yao..."

Hakuhitaji kumaliza. Mama yangu alizaliwa Vunitiri, na kwetu mpwa hanyimwi kitu na wajomba zake. Akimtaka nguruwe, anamchukua. Akiutaka mtumbwi, anausukuma majini na hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana mpwa mwenye haya haombi ovyo. Mimi katika maisha yangu sikuwa nimeomba kitu Vunitiri zaidi ya kaa.

Na kaa wa kule, jamani, acheni tu. Mama Litiana, mamake Apakuki, alikuwa akiwatoa mikokoni kwa mkono mtupu. Anapiga magoti kwenye tope, anatumbukiza mkono shimoni mpaka begani, anatoka na kaa mkubwa kama bakuli. Wanawake wa Vunitiri wanawafunga kwa kamba na kuwauza barabarani. Kaa hao ndio waliomsomesha Apakuki mpaka akavaa viatu vya meneja.

Basi nikaenda na jino la nyangumi, ambalo kwetu ndilo zawadi nzito ya maombi na ya radhi, nikaomba. Mkutano ulipokwisha, Mama Litiana akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hiyo mashine yenu haitamwaga kitu mikokoni?"

"Mama, mimi mwenyewe ndiye nitakayepima."

"Basi kama ni wewe," akasema, akanifungia kaa wa kurudi nao Suva.

Banda likajengwa. Magari yakaanza kuzunguka kisiwa yakikusanya oili chafu kutoka gereji, gati na viwanda vya sukari. Apakuki akawa ananiletea sampuli maabara. "Hii imetoka kwenye mashine ya Vunitiri, bibi wa chupa, ipime tuone kama utapata kasoro." Nikapima, nikarudia, nikatafuta kasoro kwa hasira na nisiione. Oili ilikuwa safi kabisa. Makopo yetu yakabandikwa nembo ya jani la kijani. Kiwanda kikapewa tuzo kwenye hoteli moja kubwa, Apakuki akahutubia kwa ile sauti yake nzuri, akanitaja, nikapigiwa makofi. Hata lile povu jeusi la maji ya kuoshea mapipa, kwenye mfereji wa nyuma ya kiwanda, likakoma. Mchana nilikuwa naenda kula roti yangu, chapati ya Kihindi, pale ukutani, nayatazama maji yalivyotulia na watu wanavyovua. Nilikuwa na furaha, sifichi. Nilijiona nimefanya jambo la maana duniani.

Ikafika sikukuu ya mavuno ya kanisa kule Vunitiri, nami nikaenda kama kawaida. Mama Litiana akanitandikia mkeka, akaniwekea majimbi, na kando yake samaki wa kopo.

Samaki wa kopo! Mpwa, ndani ya nyumba ya mjomba wake! Nikadhani ananitania.

"Mama, kaa wamekwenda wapi?"

"Si msimu wao."

"Msimu gani huo? Nimezaliwa jana mimi?"

Akajifanya anapanga sahani. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kulia. Kuanzia vidoleni mpaka begani ulikuwa umejaa upele mwekundu, mahali pengine ngozi imechunika. Nikaushika. Akataka kuuvuta, nikamkatalia.

"Wananuka," akasema kwa sauti ndogo. "Ukimpika mmoja, nyumba nzima inanuka gereji. Walioko barabarani hawawanunui tena."

"Na hamkuniambia!"

"Tukuambie nini, mwanangu? Si wewe uliyeomba? Mpwa akishaomba akapewa, nani wa kumgeuzia uso aanze kumlalamikia?"

Niliondoka pale nusu nakimbia. Bandani kulikuwa na mlinzi mmoja aliyenijua, akanifungulia akinisalimia kwa furaha. Mashine niliikuta. Ilikuwa bado imo ndani ya kreti yake ya mbao, haijafunguliwa hata msumari mmoja, na kuku amejitagia juu yake. Matangi yalikuwa yamejaa oili chafu mpaka mdomoni. Kando yalipangwa mapipa ya yale maji machafu ya kuoshea mapipa, ambayo mimi niliambiwa yanachujwa kiwandani. Bomba lilitoka nyuma ya banda, limefunikwa kwa makuti, likaenda kuishia mikokoni. Mizizi ya mikoko ilikuwa myeusi ikimetameta.

Nikakaa chini palepale kwenye tope. Kiwanda hakikuwa kimejisafisha hata kidogo. Uchafu wa Suva ulihamishiwa kijijini kwa mama yangu, na aliyeufungulia mlango ni mimi. Zile sampuli nilizozisifu zilikuwa oili mpya iliyoshuka melini. Ningepata wapi kasoro?

Jumatatu nilimfuata ofisini. Alikuwa anakula.

"Karibu, bibi wa chupa! Naona sura imekunjamana leo, umepima mchumba mwingine akafeli?"

"Nimetoka bandani."

Akaweka kijiko chini. Akaanza kueleza kwa haraka. Mashine ilikuja bila baadhi ya vipuri, wakubwa wakasema tusubiri, magari yakawa yameshaanza kukusanya, matangi yakajaa. "Sasa mimi ningefanya nini, Torika? Ningeinywa?"

"Ulijua lini kwamba mashine haina vipuri?"

Akasogeza sahani pembeni.

"Apakuki, ulijua kabla sijaenda kuomba?"

"Binamu," akasema, akinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, "ungejua, ungekubali kwenda?"

Nikamwambia kitu kimoja tu kilichobaki kichwani. "Mama yako ana upele mpaka begani."

"Najua. Nimempelekea dawa ya kupaka."

Nililia pale pale mbele yake, si kwa haya wala kwa huruma, kwa hasira. Alikuwa anajua! Anamnunulia dawa mama yake dukani, halafu anarudi kazini kuagiza gari jingine lipelekwe. Akanipa leso. Nikaitupa kwenye sahani yake ya chakula.

Nikawafuata wakurugenzi, wakaniambia watalishughulikia. Nikawafuata watu wa mazingira wa serikali, nao wakafika mpaka Vunitiri, wakaulizia kwa wenye ardhi. Wazee wakawajibu kwa adabu kwamba hawana malalamiko. Nilitaka kupasuka! Nikaenda kwa mkubwa wa ukoo, nikamuuliza anamficha nani.

"Simfichi mtu," akaniambia. "Hilo shamba liliombwa kwa jino la nyangumi, tukalipokea, tukapiga makofi. Hatuwezi kulidai tena kwa mdomo wa serikali. Aliyeomba ndiye wa kulirudisha. Akija kuomba radhi na kulirudisha, banda litaondoka siku hiyohiyo. Asipokuja, tutakaa nalo."

Basi hapakuwa na njia nyingine. Kama nilitaka kaa warudi na mkono wa Mama Litiana upone, ilibidi mimi nipige magoti nikiri kosa. Na wa kunipokea mnamjua.

Baba mdogo alinipa jino la ukoo wetu, la kahawia, linang'aa kwa mafuta ya nazi liliyopakwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Akataka kunisemea, maana mambo haya si ya mwanamke kusema. Nikamwambia niliomba kwa mdomo wangu, nitarudisha kwa mdomo wangu. Wazee wakaruhusu.

Nikakaa chini kabisa, karibu na mlango, kichwa nimeinamisha. Mbele yangu wamekaa wapokeaji, na katikati yao Apakuki, ameoga, amevaa sulu safi, ile shuka yetu ya kiunoni, uso mtulivu. Asingeweza kukosa, pale ni mahali pake. Nyuma, upande wa jikoni, alikaa Mama Litiana amejifunika mkono kwa kitambaa.

"Niliwaomba shamba," nikasema. "Niliwaambia oili chafu itasafishwa pale. Haikusafishwa, imeingia mikokoni, imewadhuru. Shamba ninalirudisha. Nawaombeni radhi."

Jina lake lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza. Anayeomba radhi hamnyooshei mtu kidole. Akinyoosha, radhi imeharibika na shamba halirudi. Lakini mpokeaji hakufungwa mdomo. Anaruhusiwa kulishika jino kwa muda na kusema linalomkaa moyoni. Nikamngoja. Moyo wangu wote ulikuwa unamsihi: sema "na mimi". Maneno mawili tu, Apakuki, mbele ya mama yako. Ningemsamehe hapohapo, haki ya Mungu ningemsamehe.

Akalipokea jino kwa mikono miwili. Akalitazama sana.

"Tumelipokea jino," akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Na shamba tumelipokea. Binamu yetu amekosea, lakini ni damu yetu. Kosa lake tumelizika leo, asiwepo wa kulifukua."

Kosa lake!

Akapiga makofi mazito ya viganja, na nyumba nzima ikamfuata. Ndivyo likaisha. Kwa sheria zetu, kuanzia pale hakuna mtu mwenye ruhusa ya kulizungumza tena, mimi wa kwanza. Mkubwa wa ukoo akaagiza vijana wakakate bomba na kumwambia mlinzi afunge mizigo. Nililipata nililolifuata.

Yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, ikakorogwa, watu wakaanza kuchangamka kama inavyokuwa jambo likiisha. Utani ukarudi. Apakuki akachukua kifuu, akakijaza, akaniletea mwenyewe.

"Kunywa, bibi wa chupa. Ila pima kwanza, usije ukasema ina oili!"

Wakaangua kicheko. Wote wakanigeukia wakisubiri jibu langu, maana wanajua mimi sishindwi. Hata yeye alikuwa ameshaanza kucheka kabla sijasema.

Nikakipokea kifuu kwa mikono miwili. Nikainamisha kichwa, kama mtu anavyomwinamia mgeni mkubwa asiyemjua.

"Asante sana, Bwana Meneja," nikasema.

Kicheko kikakatika.

"We! Bwana nani tena?" Alijaribu kutabasamu. "Torika. Acha utani wako."

Nikanywa mpaka tone la mwisho, nikamrudishia kifuu chake, nikapiga makofi ya heshima.

"Sitanii, Bwana Meneja."

Akabaki amesimama na kifuu kitupu, anawatazama watu mmoja mmoja kama anayetafuta wa kumsaidia kucheka. Mama Litiana akainuka kule jikoni, akapita mbele yake bila kumtazama, akaja akaketi kwenye mkeka wangu.