Kitanda cha Wenye Mimba

Tangu atoke Kyarumba, Tabisa alikuwa ameketi upande juu ya pikipiki, amebana mapaja, lakini alipofika kituo cha afya nje ya Bwera damu ilikuwa imeshapita kitambaa na kulowesha kitenge cha ndani.

Nesi Jamira hakuinua macho. "Mimba iko ya miezi ngapi?"

"Sina mimba. Niko na damu."

Hapo Jamira akamtazama, akaona mvi. "Mama, hii chumba iko ya wenye mimba. Vifaa ilitumwa kwa ajili yao. Weye ulishamaliza kuzaa. Hiyo ni uzee tu. Enda hospitali ya Kasese."

"Kasese wamenirudisha kwako. Walisema mlango wa kizazi unapimwa huku kwanza."

"Sheria sikuitunga mimi."

Hedhi ya Tabisa ilikoma zamani, mumewe akiwa hai. Damu hii ya sasa ilikuwa na harufu, na kanisani watu walikuwa wameanza kumwachia benchi zima. Alimpita Jamira, akavua ndara, akapanda kitanda cha kupimia.

"Shuka."

"Nilipokuwa nazaa mulinitafuta mpaka shambani. Sasa tumbo imefunga, mimi haiko mutu?"

Jamira akamwita Okello, mlinzi aliyewahi kuwa mwanajeshi. Okello akasimama mlangoni, kifua mbele. "Mama. Toka. Sasa hivi."

"Nishushe, afande," Tabisa akasema taratibu. "Shika hapa penye damu."

Okello akaitazama mikono yake mwenyewe. Hakumgusa.

Nje, Kulusum, binti mwenye mimba kubwa aliyekuwa mbele ya foleni, alikuwa amesikia yote. Jamira alipomwita aingie, alibaki ameketi.

"Huyo mama ametangulia," akasema.

Jamira akamwita aliyefuata. Huyo naye akainamia tumbo lake, asinyanyuke. Hakunyanyuka mtu.

Basi Jamira akavua glavu, akaifungia taa ya kupimia kabatini, akatia ufunguo mfukoni. "Toa godoro," akamwambia Okello, akaenda kula.

Okello alilivuta godoro kutoka chini ya Tabisa polepole, huku akitazama pembeni, mpaka likatoka lote. Tabisa hakushuka. Alilala juu ya vyuma vya kitanda, magoti juu, uso kuelekea mlango ulioachwa wazi. Wanawake wa foleni walimwona, naye aliwaona. Damu ikapenya katikati ya vyuma, ikaanza kudondoka sakafuni.