Fomu ya Lea

Siku dirisha la malipo lilipofungwa katika Kituo cha Afya Mughanda, nje kidogo ya mji wa Singida, watu walipiga vigelegele. Mhudumu alibandua tangazo la bei lililokuwa limekaa ukutani miaka nenda miaka rudi, akalikunja na kulitupa kwenye pipa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walicheka kama watu waliosamehewa. Kuanzia siku hiyo kila kaya ingekuja na kadi ya bima, na hakuna mtu ambaye angeulizwa hela wakati mtoto wake anatetemeka kwa homa. Asnath naye alipiga vigelegele, tena virefu kuliko vya wengine. Alikuwa muuguzi kwa miaka tisa na alikuwa amewaona wengi wakigeuzwa pale dirishani na kurudi nyumbani na ugonjwa wao.

Jambo ambalo hakulifikiria siku ile, na hakuna aliyemkumbusha, ni kwamba mshahara wake ulikuwa unatoka kwenye dirisha lile lile.

Tuelewane hapa. Muuguzi aliyeajiriwa na Serikali hulipwa na Serikali, wagonjwa waje wasije. Asnath hakuwa huyo. Yeye na wenzake wawili walikuwa wa mkataba, wameajiriwa na kituo chenyewe na wanalipwa kwa makusanyo ya kituo. Hela ikiingia dirishani, mwisho wa mwezi mganga mfawidhi, Hosea, aliwaita mmoja mmoja na kuwapa chao. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuja. Sasa hela ilitoka kwenye mfuko wa bima. Kituo kilipeleka fomu za madai, zikapitiwa na watu ambao hawajawahi kumshika mgonjwa hata mkono, na zenye kasoro zikarudishwa bila malipo. Umri umekosewa, fomu imerudi. Sahihi imesahaulika, fomu imerudi. Na wagonjwa, kwa kuwa sasa hawaulizwi kitu, walikuja mara mbili ya zamani, kama ilivyo haki yao. Kwa hiyo kazi ya Asnath iliongezeka na mshahara wake ukapotelea njiani, na hayo yote yaliitwa maendeleo.

Miezi miwili ilipita hajalipwa. Alikuwa amepanga chumba Mwankoko, yeye na binti yake Pendo wa darasa la sita, na katika miezi hiyo waliishi kwa uwele alioletewa na mama yake kutoka kijijini. Mwenye nyumba alianza kumsalimia kwa kirefu, na mwenye nyumba akianza kukusalimia kwa kirefu ujue siku zako zinahesabika.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu Hosea aliwaita wauguzi wa mkataba ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, wa kusema huku anapangusa miwani.

"Dada zangu, sina cha kuwaficha," alisema. "Fomu za mwezi uliopita zimerudi karibu nusu. Za mwezi huu zikirudi hivyo, mikataba yenu siwezi kuiendeleza. Siwafukuzi. Sina tu cha kuwalipa."

"Sasa tufanyeje, dokta?" Asnath aliuliza.

"Jazeni vizuri. Na fomu za wagonjwa wa kulazwa msizichezee, hizo ndizo zinazotubeba. Mmoja aliyelazwa ni kama watu kumi wa homa. Na jingine, kadi ya kuazima nisiione hapa. Anayejaza fomu ndiye atakayeijibu."

Asnath alitoka mle ofisini na neno moja kichwani. Kulazwa. Tangu siku hiyo, aibu ilioje, kila mgonjwa aliyeingia akipumua vibaya alimtazama mara mbili, mara ya kwanza kama muuguzi, na mara ya pili kama mtu mwenye njaa.

Tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, Stanley alifika na pikipiki kutoka Unyambwa. Kati yake na dereva alikuwa amembana mama yake, Evodia, aliyefungwa kitenge mgongoni kama mtoto asije akaanguka. Asnath aliwajua wote wawili, maana aliwahi kuishi kwao alipokuwa anaanza kazi. Alimshusha mama akamkalisha, akampima joto na kiwango cha hewa, akaweka kipimo cha kusikilizia mapafu mgongoni. Mapafu yalikuwa yanakoroma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Evodia alinong'ona, na hata hilo lilimchosha.

"Homa ya mapafu," Asnath alimwambia Stanley. "Hawezi kurudi nyumbani. Anahitaji sindano na hewa, siku mbili tatu. Nipe kadi."

Stanley alitoa kadi. Asnath aliisoma. Lea Stanley, miaka ishirini na miwili.

"Hii ni ya mke wako."

"Ndiyo, sista."

"Na ya mama?"

Stanley alitazama chini. Bima ya kaya ilikuwa ya watu sita, kila mmoja na kadi yake, alieleza, na kwao walikuwa saba: yeye, mke wake, wadogo zake wanne na mama. Usiku wa kuandikisha walikaa kuamua nani abaki nje, na mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Mimi siumwi, alisema, andikeni watoto. Na kweli Evodia alikuwa haumwi. Alikuwa analima alizeti akiwa na miaka sitini na nane na kuwaacha vijana nyuma. Wakaandika sita, mama akajitoa, na wote wakalala wakiona wamefanya la busara. Nyumba nyingi za huko zilifanya hesabu hiyo hiyo, na karibu zote zilimwacha nje mtu yule yule, mzee ambaye hajawahi kulalamika.

"Hela ya kulipia mmebaki nayo?"

"Mbuzi tuliokuwa nao ndio walioenda kwenye hiyo bima, sista. Nikiuza jembe ndiyo itakuwa kesho kutwa."

"Na Lea yuko wapi?"

"Yuko kwao Mitundu tangu wiki iliyopita. Ameenda kujifungulia kwa mama yake, si unajua mtoto wa kwanza. Bado wiki tatu hivi."

Asnath alisimama na ile kadi mkononi. Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mtandao ukikatika waliruhusiwa kuandika namba ya kadi kwa mkono. Aliyepaswa kulinganisha picha na uso wa mgonjwa alikuwa yeye peke yake. Evodia alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Kumrudisha nyumbani ilikuwa ni kumuua, hilo halikuwa na ubishi. Angeweza kwenda kwa Hosea na kumwomba amlaze bure, na Hosea, kwa upole wake, huenda angekubali. Lakini fomu ya bure hailipwi na mtu. Hapo ndipo palipomuuma Asnath baadaye, kila alipopakumbuka. Huruma ilikuwepo, tena ya kweli. Lakini na hesabu ilikuwepo, imekaa pembeni ya huruma imetulia tuli, na alipochukua kalamu hakuweza kusema ni ipi kati ya hizo mbili iliyomsukuma mkono.

Aliandika: Lea Stanley, miaka ishirini na miwili, homa ya mapafu, amelazwa. Akatia sahihi.

"Mungu akubariki, sista," Stanley alisema.

"Usiniombee baraka kwa hili," Asnath alijibu. "Mbebe mama tumlaze."

Evodia alikaa siku tatu. Siku ya pili alikula uji, siku ya tatu aliuliza nani anamchungia kuku. Alipoondoka kwa miguu yake mwenyewe Asnath alifurahi moyoni, na siku mbili nzima hakuijutia ile sahihi. Jumatatu Hosea alipeleka fomu mjini mwenyewe, na kwa kuona jinsi kurasa za kulazwa zilivyojaa vizuri mwezi huo, akawaongezea wauguzi wa mkataba mwezi mmoja.

Wiki tano baadaye hela iliingia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Hosea aliwaita mmoja mmoja kama zamani, akawapa malimbikizo yote, na fomu zilizorudi safari hii zilikuwa tatu tu. Asnath alimlipa mwenye nyumba kwa simu kabla hata hajavaa aproni. Akampigia mama yake akamwambia asilete tena uwele, ale yeye. Wenzake wawili walikuwa wanaimba korido nzima.

Saa nne hivi simu yake iliita. Aliyepiga ni Hana.

Hana alikuwa rafiki yake wa chuo cha uuguzi. Walilala vitanda vya juu na chini miaka miwili, wakagawana sabuni na sare. Sasa alikuwa muuguzi wa mkataba kama yeye, kwenye zahanati moja ndogo upande wa Mitundu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Asnath, nimesimamishwa kazi."

"Kwa lipi?"

"Udanganyifu. Kwenye barua wameandika hivyo hivyo." Hana alivuta pumzi. "Nilimzalisha binti mmoja hapa. Uchungu ulimwanza mapema, wiki tatu kabla, na mtoto alitanguliza makalio. Nilihangaika naye kutwa nzima, Asnath, peke yangu, na nikawatoa wote wawili wazima. Kadi aliiacha kwa mume wake, lakini namba ilikuwa kwenye kitabu chake cha kliniki, nikaijaza. Fomu zetu zinachelewa, unajua huku kulivyo mbali. Zilipofika, mfuko ukasema namba hiyo imeshalipiwa. Kwamba siku ile ile ninayosema nilimzalisha Mitundu, alikuwa amelazwa Singida kwa homa ya mapafu."

Asnath aliegemea ukuta wa wodi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyebuni mtoto," Hana aliendelea. "Wamezuia madai ya zahanati nzima, mwezi wote. Hakuna aliyelipwa. Wenzangu hawanisalimii. Leseni yangu nayo inaweza kwenda. Nimewaambia waje wamwone huyo mtoto, anaitwa Enock, yupo, ananyonya. Wanasema kuwepo kwa mtoto si ushahidi kwamba mama ni yule."

"Jina la mama?" Asnath aliuliza, ingawa hakuhitaji kuuliza.

"Lea. Ni mke wa mtu wa Unyambwa. Na kituo kilichomlaza ni hicho chako, ndiyo maana nimekupigia. Nifungulie rejista ya tarehe kumi na tisa. Niambie tu nani aliijaza hiyo fomu, nitamalizana naye mwenyewe."

Rejista ilikuwa mezani, hatua nne. Asnath hakuifuata. Aliwaza kwamba angeweza kusema imepelekwa mjini. Angeweza kusema mwandiko hausomeki, na Hana angemwamini, maana Hana alikuwa amemwamini kwa vitu vikubwa zaidi ya hicho. Alimwaza Pendo, na mwenye nyumba aliyelipwa asubuhi ile.

"Ni mimi, Hana."



"Mgonjwa alikuwa nani?" Hana aliuliza.

"Mama mkwe wake. Alikuwa anakufa. Hakuwa na kadi."

"Alipona?"

"Alipona."

"Na wewe ulilipwa?"

"Nimelipwa leo asubuhi."

Hana hakutukana. Ingekuwa nafuu angetukana.

"Basi niandikie hilo kwenye karatasi," alisema, "utie sahihi kama ulivyotia ile nyingine." Akakata.

Asnath aliomba karatasi mapokezi. Aliandika akiwa amesimama, kwa mwandiko ule ule uliozifanya fomu zake zisirudi. Aliandika jina la Evodia, tarehe, ugonjwa, na kwamba Lea Stanley hakuonekana katika kituo hicho siku hiyo. Akaandika jina lake kamili na namba ya leseni yake. Kisha akaibeba hadi kwa Hosea, akamweleza yaliyompata Hana na zahanati yake, na kuiweka mezani.

Hosea aliisoma. Alivua miwani lakini safari hii hakuipangusa.

"Unajua hii ikitoka watafanya nini," alisema polepole. "Watadai warudishiwe kilicholipwa. Watazuia madai yetu kama walivyozuia ya wale. Si wewe tu, dada. Ni wenzako wawili, ni kila mtu. Yule mama angekuwa kaburini. Umefanya kosa, sawa, lakini la kuokoa mtu. Tuliache lilale."

"Hana naye aliokoa watu wawili, dokta. Na yeye hakudanganya."

"Nakuomba. Nipe wiki moja nifikirie."

"Nimeipiga picha na kumtumia Hana kabla sijaingia humu," Asnath alisema. "Nilijua ukiniomba nitakubali."

Hosea aliichukua tena ile karatasi na kuisoma toka mwanzo, kama mtu anayetumaini kwamba kwa mara ya pili jina la chini litakuwa la mwingine.

"Wenzako wanajua?"

"Bado."

Kutoka korido zilisikika sauti zao. Walikuwa wanagawana wagonjwa wa foleni, huyu wako, yule wangu, na katikati ya kugawana walikuwa wanacheka, maana na wao walikuwa wamelipwa asubuhi ile. Asnath alishika kitasa cha mlango, akatoka kwenda kuwaambia.