Mkono wa Simu ya Baba

Kishindo aliingia karakana ya mdogo wake akiwa amekumbatia furushi la kitambaa kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu kila alichogusa kilianguka, na umri haukumsaidia kitu. Sasa ana mvi na wajukuu, na bado ukimpa glasi unabaki kuiombea. Aliliweka furushi mezani, akalifungua, akarudi nyuma.

Ilikuwa simu ya baba yao, ile ya rangi ya maziwa, ya kuzungusha namba kwa kidole. Mkono wake, ile sehemu ya kushika na kuweka sikioni, ulikuwa umekatika vipande viwili, umeshikiliwa na nyaya tu.

Sasa huyo mdogo mtu, watu wanamwita Bibi Msasa. Simu za zamani zilizopasuka, zilizoungua kwa mshumaa, zilizogeuka manjano mpaka zikatia huruma, zote humfikia yeye, na anavyosema hakuna iliyowahi kumshinda. Ukitaka ushahidi muulize mwenyewe, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kishindo akaeleza. Alikuwa anapangusa vumbi tu, jamani, vumbi tu. Baba yao alikuwa bado hospitali, operesheni ya macho haikufua dafu, na keshokutwa angerudi nyumbani haoni kabisa. Alikuwa amemwomba mwanawe huyo jambo moja: kila kitu kikae kama alivyokiacha, maana nyumba ataisoma kwa vidole. Na cha kwanza kabisa ni simu. Hizi simu za siku hizi za kutelezesha kidole kwenye kioo hazimfai asiyeona, lakini ile ya matundu anaizungusha bila kufikiri. Ndiyo itakayomfikisha kwa watu.

"Akishika kitu kimoja akakuta sicho, hataiamini nyumba nzima," alisema Kishindo. "Na mimi ndiye niliyemwahidi."

"Kaka, punguza jasho," Bibi Msasa alimjibu. "Asiyeona ni mteja rahisi. Hata rangi sitahangaika nayo."

Akavaa miwani, akageuza vipande, na hapo hapo akaanza kugomba. Kumbe simu ilikuwa imeshavunjika zamani, mahali palepale, na mtu akaiunga kwa gundi ya hovyo. Gundi ilikuwa imemwagika, ikakauka ikaacha tuta zima upande wa ndani wa mshiko, pale dole gumba linapolala. Fundi uchwara gani huyu, aliuliza, alipaka gundi kwa mwiko? Kishindo akasema labda ni watu wa kampuni ya simu. Bibi Msasa akasema basi walimtuma mpishi. Alilikwangua tuta lote kwa wembe, huku akilitukana, asibakize hata chembe.

Kazi yake mwenyewe haikuwa ya gundi. Alikwangua unga wa plastiki ndani ya kasha la simu ileile, mahali pasipoonekana, akauloweka kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, mpaka ukawa uji mzito. Uji huo akaupaka kwenye ufa kwa brashi nyembamba, akabana, akaacha ukauke. Hivyo plastiki inajiunga kwa nyama yake yenyewe, na ikishakauka ni kitu kimoja. Kisha msasa, mkali kwanza, halafu laini wenye maji.

Kesho yake, alipoona pamekaa sawa, akafumba macho apitishe kidole kwa kujifurahisha tu. Lo! Ufa ulikuwepo. Jicho halikuuona, lakini kidole kiliukuta bila kuutafuta. Akajiona mjinga kwa yale maneno yake ya mteja rahisi. Basi akavua miwani, akajifunga kitambaa usoni, akasugua kwa vidole peke yake. Kishindo alikaa pembeni, mikono ameikalia kama alivyoamriwa. Mwisho ule mshiko ukawa laini tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi Msasa akafungua kitambaa, akajipiga kifua, akasema hata kiwandani hawakuweza hivi.

Baba yao akaja. Aligusa mlango, ukuta, mgongo wa kiti chake, akaketi. Mkono ukaenda kwenye meza ndogo, ukaipata simu. Mzee akaupapasa ule mkono wa simu mara moja, akarudia, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

"Hii siyo simu yangu," alisema.

Kishindo hakuweza kunyamaza. Akasema yote, na vumbi, na kuanguka. Bibi Msasa naye, ambaye hajazoea kujitetea, akasema kazi ni safi, baba, kazi ni safi kabisa, mimi niliondoa tu uchafu wa fundi mmoja asiyejua kazi.

"Fundi huyo ni mimi," mzee alisema.

Kisha akawaeleza. Walikuwa wadogo, mama yao amekwenda kwao kwa hasira, akapiga simu kusema harudi. Yeye akamfokea, akaubamiza mkono wa simu ukakatika. Akaunga haraka haraka kwa gundi ya viatu, mama yao asije akapiga tena akakosa mtu. Asubuhi mama akapiga.

"Tangu siku ile nikishika simu naweka dole gumba kwenye gundi yangu," alisema, "ulimi unatulia. Sasa nitashika nini?"

Bibi Msasa aliona aibu mpaka masikioni. Lakini fundi ni fundi, akasema atalirudisha tuta, baba, nipe muda. Akaleta kichupa cha uji na brashi, akapaka mstari. Mzee akaugusa, akatikisa kichwa. Umenyooka mno. Akapaka tena, mnene zaidi. Mzee akatikisa kichwa.

"Wewe huwezi, mama. Mkono wako umefundishwa. Lete hapa."

Katika maisha yake yote Bibi Msasa hajawahi kumpa mtu brashi yake. Alimpa. Mzee akachovya kupita kiasi, akamwaga juu ya mshiko, akaparaza kwa kidole, uji ukatiririka mpaka kwenye kiganja. Kishindo akageukia mlango kuficha kicheko kilichochanganyika na machozi. Walingoja ukauke.

Mzee akashika. Dole gumba likapanda tuta, likatulia.

"Haya," akasema, "sasa nimefika."

Bibi Msasa akakunja kipande cha msasa alichokuwa ameshaanza kukishika, akakirudisha mfukoni.