Kamba Niliyoikataa

"Mama, shika kamba!"

Mwanangu wa kwanza alikuwa amesimama mbele kabisa ya boti ya injini, miguu kaipanua, ananiita kwa sauti ambayo mtu humwitia mtoto aliyeingia barabarani. Nyuma yake gati la kwetu lilikuwa limeshaonekana, na watu wamejipanga juu yake. Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Viganja vimechubuka, midomo imepasuka kwa chumvi, na tanga letu limekaa upande kwa sababu yangu mwenyewe. Kamba ilikuja, ikanipita begani, ikaanguka majini. Sikuigusa. Akaivuta, akaikusanya upya.

Wanaosimulia habari hii mtaani husema jua lilikuwa limenipanda kichwani. Waache waseme. Mimi ndiye niliyekuwepo, na akili yangu haijawahi kutulia kama siku ile.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa mjane kwa miaka mingi, na ujane ukikaa sana watu huuzoea kuliko wewe mwenyewe. Wanangu walinizoea hivyo: mama yupo, mama atabaki na watoto, mama hana pa kwenda. Kisha jokofu langu likafa, akaja kulitengeneza mwanamume mpole ambaye mtaa mzima unamwita Barafu, kwa kazi yake na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Alilitengeneza mara moja. Alirudi kulikagua mara nyingi mno kwa jokofu lililokwisha kupona. Tulipooana akahamia kwangu. Wanangu walikuja harusini shingo upande, wakakaa mstari wa mbele na nyuso za watu waliopewa chai isiyo na sukari.

Barafu alikuwa na mashua ndogo ya tanga. Aliinunua imeoza, akaifufua taratibu nyuma ya karakana yake, kati ya majokofu mabovu. Akaniambia twende likizo, tufuate pwani, tulale tutakapofika. Mwanangu wa kwanza aliposikia alikuja siku hiyohiyo, hata viatu hakuvua.

"Mama, umri huu ni wa kutulia."

"Nimetulia, baba. Nimetulia mpaka nimeota kutu."

Akaanza kunieleza habari za chumba cha nyuma kwake. Kimepigwa rangi, dirisha linatazama uani, wajukuu wako hatua mbili tu. Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonikera. Ukigombana na ubaya unapata nguvu, lakini ukigombana na upendo unaonekana mchawi. Nikamwambia akirudi nyumbani anisalimie mkwe wangu, nikaenda kufunga begi.

Katika mashua ile kuna sheria moja. Aliyeshika usukani ndiye mwenye neno. Mwenzake husema anachokiona, basi. Haongezi ushauri hata kidogo. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Nimeshika usukani, roho mkononi, namsikia mume wangu anasema, "Naona mwamba."

"Sasa nifanye nini?" nikapiga kelele.

"Bado nauona," akasema.

Nikageuza mwenyewe. Tukaupita. Nikamtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo, kisha nikacheka hadi machozi yakanitoka. Maisha yangu yote nilikuwa nimezungukwa na watu wa kuniambia pinda, simama, shuka. Hakuna aliyewahi kuniambia kilichoko mbele halafu akaniachia mimi.

Tulikuwa na furaha isiyo na adabu. Tuliogelea na nguo za kulalia. Tulikula viazi vya kuchemsha asubuhi na jioni, tukagombania upande wa kitanda usio na unyevu, tukanuniana, tukapatana kabla chai haijachemka. Mtu aliyekula chumvi nyingi kama mimi alikuwa hajui kwamba bado anaweza kusubiri kesho kwa hamu.

Kurudi ndiko kulikotutia adabu. Upepo wa ghafla ulilichana tanga kuanzia ukingoni hadi katikati. Tukajificha kwenye ghuba ndogo, nikatoa sindano na uzi, na hapo nikafanya kosa ambalo baharia asingelifanya hata usingizini. Niliona tanga limefanya tumbo, na mkono wangu ukafanya unachofanya kila siku kwa gauni la mteja. Nililibana. Sikujua kwamba tumbo lile ndilo linalobeba upepo! Tena nilishona vizuri, mishono midogo, safi, hata mteja mkorofi asingepata la kusema. Tulipolipandisha, upepo ukija kutoka kulia lilijaa kidogo, tukaenda. Ukija kutoka kushoto lilisinyaa na kupigapiga, na mashua ikachechemea kama kuku aliyeumia mguu.

Barafu alilitazama kwa muda mrefu.

"Naona tanga lenye kiuno," akasema.

Kulifumua hatukuthubutu; lilikuwa limeshachakaa, lingetuchanikia mikononi. Tukaenda nalo hivyohivyo, nusu safari mbio, nusu kutambaa. Simu zetu zilikuwa zimelowa. Tukachelewa, na kule nyumbani kuchelewa kwetu kukageuka msiba.

Ndipo ile boti ya injini ikatufuata. Mwanangu alipoona sishiki kamba, aliacha kuzungumza nami.

"Mzee, mwambie mama ashike kamba!"

Barafu alikuwa ameketi mbele. Aliitazama boti, akamtazama na mwenye kamba.

"Naona boti," akasema. "Naona kijana ambaye hajalala."

"Mzee, mimi sitanii!"

"Wala mimi. Mwenye usukani ni mama yako. Zungumza naye."

Mwanangu akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na moyo ulinichoma, sifichi. Yule ni mwanangu. Alikuwa amenitafuta akidhani anatafuta maiti.

"Mama, mmeshindwa, wala si aibu," akasema. "Kitanda chako nimeshakihamishia kwangu. Na cherehani. Ukifika wewe ni kulala tu."

"Na mume wangu atalala wapi?"

Akaangalia maji. "Mzee ana karakana yake."

Hapo nikaelewa kwamba kamba ile isingeishia gatini. Ingenivuta kutoka pale hadi chumba cha nyuma, mbele ya macho ya mtaa mzima, na kila mmoja angekuwa shahidi kwamba nililetwa. Ndoa yangu ingebaki hadithi ya kuchekesha, kile kipindi ambacho mama alichanganyikiwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Lakini mimi si mgeni katika maisha yangu mwenyewe.

"Sogea," nikamwambia. "Unatuzibia upepo."

Njia fupi ya kwenda gatini ilitaka upepo wa kushoto, na kwa kushoto tanga langu halikufaa kitu. Nikageuza mashua, nikalipa gati mgongo, nikaelekea bahari kuu ili tuzunguke na kuingia kwa upande mwingine. Kutoka gatini lazima ilionekana kama tunatoroka.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Barafu hakuuliza. Niliona tu vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa mashua.

"Naona mawimbi makubwa," akasema.

"Nayaona."

La kwanza lilituingilia hadi magotini. Akachukua sufuria, akaanza kuteka maji na kuyamwaga nje. Niliogopa. Nilijiambia nimemuua mtu mwema kwa ukaidi. Lakini sikugeuza mpaka nilipouhisi upepo kwenye sikio la kulia. Nikageuza, tanga likapiga kofi moja, likajaa, na tukaingia nyumbani tumeinama upande, tumelowa chapachapa, kwa upepo wetu wenyewe. Ile boti ya injini ilikuja nyuma yetu polepole.

Gatini mmoja alipiga makofi, mwingine akasonya. Nilishuka mwenyewe. Mwanangu alitaka kunikumbatia na kunigombeza kwa pamoja, akashindwa kuchagua.

"Kitanda changu," nikasema.

"Pumzika kwanza, mama."

"Nitapumzikia juu yake. Kirudishe."

Basi alasiri ile mtaa ukaona: kitanda katikati ya barabara, mwanangu mbele, mume wangu nyuma, mimi natangulia na nguo zilizokaukiwa na chumvi. Jirani mmoja akauliza kama tunahama. Nikamwambia hapana, ninarudi kwangu.

Chumbani mwanangu alipiga magoti kuunganisha kitanda. Barafu alikuwa amerudi kuchukua cherehani.

"Niliogopa, mama," akasema bila kuinua kichwa.

"Najua. Hata mimi niliogopa."

"Sasa kwa nini hukushika kamba?"

"Kwa sababu ningeishika, ungeendelea kunivuta mpaka nife."

Alikaza skrubu moja, akafuta jasho, au machozi, sikutaka kujua. Akasimama, akakisukuma kitanda kwa goti. Kikacheza.

"Kaza na hiyo ya kushoto," nikamwambia. "Hapa wanalala watu wawili."