Kiatu cha Kushoto

Dunstan alikuwa na miaka sitini na mmoja siku aliyokalishwa kwenye benchi la duka moja la michezo pale Vällingby, mjini Stockholm, Uswidi, ili binti yake amtengenezee viatu vya kutelezea kwenye theluji. Mzee mzima! Mtunza jengo wa shule ya Tensta, mtu ambaye theluji aliijua kwa koleo tu, kuisukuma pembeni watoto wapite. Leo eti anakwenda kuipandia ubao. Wenzake kazini walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akawaacha wacheke. Wangejua kilichokuwa kinampeleka, wasingecheka.

Kilichokuwa kinampeleka ni huyo binti, Pearl, mtoto wake wa pekee, ambaye alikuwa amemaliza miaka miwili hazungumzi naye. Mama yake, Winifrida, aliugua wakati Pearl yuko kaskazini kwa msimu mzima, anafundisha watalii kuteleza. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili Dunstan alimjibu, "Mama anaendelea vizuri, amejipumzisha kidogo." Anaendelea vizuri wapi! Mwanamke alikuwa hata kijiko hashiki. Lakini ndivyo Dunstan alivyolelewa kwao Uganda, na ndivyo Winifrida alivyolelewa kwao Bukoba: aliye mbali hapewi habari mbaya kwa simu, maana akianguka huko, nani atamshika? Kwa hiyo Pearl alipoitwa nyumbani, aliitwa kuzika. Pale makaburini hakutoa hata chozi. Alimgeukia baba yake mbele ya watu wote akamwambia, "Umeninyima kumuuguza mama yangu." Akaondoka, na simu zake hakuzipokea tena.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka huu, simu ikalia yenyewe. Pearl alikuwa na wiki moja ya mapumziko, amekodi kibanda milimani kule Jämtland, akamtaka baba yake waende wote wawili. Angemfundisha kuteleza kwenye kilima cha watoto, wangepika, wangezungumza. Dunstan alikubali kabla mtoto hajamaliza kusema.

"Ila nina sharti moja, baba," Pearl akasema. "Usinifiche kitu tena. Hata kiwe kidogo namna gani. Ukinificha tena, nimemalizana na wewe."

"Sikufichi kitu, mama. Naapa."

Akaapa, jamani, huku amesimama jikoni mbele ya kopo la majani ya chai ambalo ndani hamkuwa na majani ya chai, mlikuwa na vidonge vya kisukari. Alikuwa nacho mwaka wa tano. Vuli iliyopita muuguzi wa kituo cha afya alimlaza, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni. Kila akiguswa aseme ndiyo. Dunstan alilala pale akisubiri kuguswa ndipo aseme, kumbe muuguzi amemaliza zamani, miguu yote miwili, naye hakusikia hata mguso mmoja. Akaambiwa tangu leo macho yako ndiyo miguu yako: kila siku ujikague, kila kiatu ukipapase ndani kwa mkono kabla hujakivaa. Akaitikia vizuri sana. Kwa kuitikia, Dunstan hajambo.

Angemwambia Pearl, safari ingekufa palepale, hilo alilijua. Mtoto angesema baba huna miguu ya mlimani, kaa nyumbani, na nani ajue kama angempigia simu nyingine? Basi akajiambia atamwambia wakirudi. Wiki moja tu. Ale wiki moja na mwanawe, halafu aseme yote.

Ndivyo alivyofika kwenye benchi la Vällingby.

Pearl ndiye aliyekuwa fundi wa viatu pale dukani, na kazi aliijua hasa. Kiatu cha ubao, alimweleza, ni viatu viwili: gamba gumu la nje, na ndani yake kiatu kingine laini cha sponji. Hicho cha ndani unakipasha moto kwenye tanuri dogo dakika kumi mpaka kinalegea kama mkate, kisha mtu anakivaa kingali moto, anakazwa kamba, anasimama wima bila kutikisika mpaka kipoe. Kikipoa kimeshika umbo la mguu wake yeye, wala si wa mtu mwingine. Na palipo na mfupa uliochomoza, fundi hubandika kwanza kijipande cha sponji ngumu chenye gundi, ili kiatu kiache nafasi pale. Kazi ikiisha, vijipande vinabanduliwa.

"Vua soksi, nibandike."

Dunstan akarudisha miguu chini ya benchi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na weusi ambao Pearl asingeuacha bila kuuliza. "Baba yako avuliwe soksi dukani, watu wanapita? Hebu niheshimu kidogo."

Pearl akacheka, cheko la mama yake lilelile. "Haya, mzee, yaishe. Lakini juu ya soksi gundi haishiki vizuri." Akabandika hivyo hivyo, vitatu kila mguu, kwa sababu alikuwa baba yake na kwa sababu walikuwa wamepatana juzi tu, hakutaka kumbishia.

Akatoa viatu tanurini kwa glavu, akamvisha, akamkaza kamba. "Vimoto sana?"

"Vizuri tu."

"Baba, mtu yeyote dakika ya kwanza hulalamika. Kuna mahali panabana? Panachoma? Mimi siwezi kuona humo ndani, ni wewe tu wa kuniambia."

"Hakuna, mama. Kama nimevaa kandambili."

Akasimama pale dakika kumi na mbili. Pearl alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamsimulia kibanda kilivyo, dirisha linatazama ziwa lililoganda, na Dunstan alitamani dakika zile ziwe mia. Kisha mteja akaita upande wa pili wa duka. Hapo Dunstan akaona bahati, akajivua haraka mwenyewe, akageukia ukutani, akabandua vijipande alivyoviona kwenye soksi, akatia miguu yake kwenye viatu vyake vya kawaida.

Pearl akarudi. "Vimetoka vyote?"

"Vyote."

Hakuwa amehesabu. Mguu wa kulia vilitoka vitatu, wa kushoto viwili; cha tatu kilikuwa kimebanduka chenyewe na kubaki ndani ya kiatu. Pearl, kama afanyavyo kwa kila mteja, akamtaka avae tena kwanza na kutembea mpaka mlangoni na kurudi, kwa sababu hata uzi ukibaki mle ndani mtu ataruka. Dunstan akavaa, akatembea, akarudi anatabasamu. Basi mtoto hakuingiza mkono. Angeuingiza kwa nini? Mtu aliye na miguu yake amemwambia hakuna kitu.

Siku tatu za kwanza mlimani zilikuwa siku njema kuliko zote Dunstan alizopata tangu Winifrida afe. Alianguka kama gunia. Watoto wa miaka mitano walimpita wakimpungia mkono. Pearl alimshika mikono yote miwili, akarudi nyuma naye akimvuta taratibu, akimpigia kelele akunje magoti, na jioni walikula wali na samaki wakamzungumzia Winifrida bila kugombana.

Siku ya tatu, akivua viatu bafuni, Dunstan aliona soksi ya kushoto imelowa damu. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo ambalo lingeingia ncha ya kidole chake. Hakusikia lolote. Alikaa juu ya ukingo wa bafu akilitazama. Upande wa pili wa mlango Pearl alikuwa anaimba huku anakata vitunguu. Angeweza kumwita. Alilifunga lile shimo kwa plasta nne na soksi mbili safi, akatoka, akala, na asubuhi akavaa kiatu kilekile akapanda tena kilimani. Alifanya hivyo siku mbili nyingine. Mjinga gani huyu, utasema, na Dunstan mwenyewe baadaye alijiita jina hilo na mengine mabaya zaidi. Lakini alikuwa anasubiri wiki iishe.

Wiki iliishia kwenye treni ya kurudi, anatetemeka kwa homa, na harufu ikitoka mguuni mpaka abiria wa mbele akahama kiti. Stockholm walipokelewa na gari la wagonjwa. Siku ya pili mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Siku tatu Pearl hakutoka hospitalini. Alilala kwenye kiti. Siku ya nne alikwenda kufungua mizigo ya safari, akarudi na uso uliovimba, akafungua kiganja. Palikuwa na kijipande cha sponji, kimekauka, kimekunjika ukingo kikawa kigumu kama kokwa.

"Nimekikuta kwenye kiatu," akasema. "Ni mimi, baba. Nimefanya kazi hii miaka sita, na sikuingiza mkono. Nimekukata mguu."

"Usiseme hivyo."

"Nitasemaje, basi?" Akaanza kulia, huyu ambaye makaburini hakulia. Alikuwa ameshawaandikia wenye duka kwamba harudi tena. Alikuwa anahamia nyumbani kwa baba yake Tensta, kwenye chumba chake cha zamani, amwoshe, ampikie, amsukume kwenye kiti cha magurudumu. "Sikuachi tena. Siku zote zilizobaki nitakuwa na wewe."

Hayo ndiyo maneno ambayo Dunstan alikuwa ameyaomba miaka miwili. Yalikuja yenyewe mpaka kitandani. Angenyamaza tu, basi, angekuwa na binti nyumbani mpaka kufa kwake. Alimtazama analia na kile kijipande mkononi, akaona kwamba huyu mtoto atakibeba hivyo mpaka atakapozeeka, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake.

"Pearl. Miguu yangu ilikuwa imekufa kabla. Ni kisukari. Ninacho mwaka wa tano. Sikusikia kiatu, sikusikia moto, sikusikia kitu. Na damu niliiona siku ya tatu."

Pearl aliacha kulia. "Siku ya tatu."

"Ulikuwa unaimba."

"Nilikuuliza. Dukani nilikuuliza mara ngapi?"

"Uliniuliza, mwanangu. Huna kosa. Kosa ni langu peke yangu, nisamehe."

Pearl alijipangusa uso kwa mkono. Kisha akaweka kile kijipande juu ya meza ya dawa, polepole, akachukua koti lake. Alimwinamia baba yake, akamvutia shuka mpaka kifuani, akamlainishia mto vizuri. Dunstan akadhani amesamehewa. Akanyoosha mkono amshike, na mkono ukashika hewa.

Mlango aliuacha wazi. Dunstan alimsikia kwenye korido akizungumza kwa Kiswidi na Yara, muuguzi wa zamu, kwa sauti tulivu kabisa ya mtu anayekabidhi kazi.

"Mgonjwa wa kitanda cha dirishani msimuulize kama anaumwa," alikuwa anasema. "Atawaambia haumwi. Akisema amekula, angalieni sahani. Mguu uliobaki mtazame wenyewe, kila siku."

"Na wewe utakuja kesho?" Yara akauliza.

"Hapana. Mimi sitakuja."

Nyayo zake zikaenda mpaka kwenye lifti. Baada ya muda kidogo Yara akaingia, mchangamfu yule ambaye kila asubuhi humwuliza mzee umeamkaje. Safari hii hakumwuliza neno. Alivaa glavu, akafunua shuka upande wa chini, akainama kutazama.