Tezo la Nzomo

Katika kibanda cha wachongaji kule soko la Gikomba, tezo la mtu, chuma chake cha kuchongea, haliazimwi. Mpini wake umechongwa kufuata kiganja cha mwenyewe, na mwingine akilishika anahangaika kama aliyevaa viatu vya watu. Hutolewa mara moja tu, mwenyewe anapochoka na mji akaamua kurudi Ukambani kufuga mbuzi. Siku hiyo wenzake hununua soda na chapati, wakamwimbia, wakamuaga. Ni desturi nzuri, nani asiyependa soda? Ila desturi nzuri nayo huweza kumfumba mtu macho.

Mwongeli alifika mchana na hotpoti ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akakuta chupa tupu zimepangwa mlangoni. Ndani, Muthama, mdogo kuliko wachongaji wote, alikuwa akijaribu tezo kwenye gogo la muhugu. Mwongeli alilijua tezo lile. Lilikuwa la mumewe, Nzomo.

"Pongezi, shem," Muthama akamwambia. "Mbona hukutuambia mnarudi ushago? Mzee amenipa tezo, akasema nimtunzie. Tumemwimbia hadi akalia."

Mwongeli alitabasamu, maana mtu akipongezwa hutabasamu kwanza, sababu ataijua baadaye. Kisha tabasamu likamkauka. Warudi ushago gani? Kule kijijini Wamunyu hawakuwa na shamba wala hata kuku wa kuwaamsha. Binti yao Ndindi alikuwa bado shule ya msingi. Nzomo mwenyewe alikuwa hajaota mvi. Akauliza mumewe aliko, akaambiwa ameondoka punde tu, amekwenda nyumbani kupumzika.

Tangu mvua za masika Nzomo hakuwa Nzomo. Aliamka kabla ya jogoo, akakaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta. Chakula alikichezea. Redio aliyokuwa akigombana nayo kila jioni kuhusu mpira aliizima, wala hakuiwasha tena. Mwongeli, kama wake wengi wa mtaa wao wa Shauri Moyo, alishuku mwanamke. Akampekua simu, asikute mpenzi yeyote ila muuza mbao. Akashuku husuda ya majirani, akampeleka kwenye maombi. Nzomo alilalamikia mgongo na kichwa, na kwenye duka la dawa wakampima taifodi, wakampa vidonge, akamaliza, wakampima taifodi tena. Hakuna aliyemuuliza moyo wake ukoje. Na mwanamume wa Kikamba ukimuuliza hivyo, atageuka nyuma aone ni nani anayeulizwa.

Halafu wiki hii akatulia ghafla. Suti yake ya Jumapili akampa Bedan, mzee wa kanisa, na pasta akamsimamisha mbele ya watu awe mfano wa ukarimu. Mwongeli alipiga makofi. Alipiga kwa mikono yake miwili, akamshukuru Mungu kwamba mumewe amepona. Asubuhi hii Nzomo alimwambia asijisumbue kumletea chakula, hilo nalo aliliona kuwa ni huruma.

Sasa suti, tezo na chakula vilijipanga kichwani mwake. Hotpoti akaiacha juu ya gogo. Alimwambia Muthama amfuate, hakusubiri jibu, akatoka mbio kupita katikati ya mafurushi ya mitumba. Wateja waliozoea kununua nguo kwake walimuita, hakuwasikia. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa vile, hata mwaka soko lilipoungua na kibanda chake cha nguo za watoto kikiwa ndani. Moto unauona ulipo. Hili lilikuwa limelala naye kitanda kimoja miezi yote hii, na yeye akipekua simu.

Mlango wa nyumbani ulifunguka bila kulia. Bawaba ile ilikuwa ikilia tangu wahamie. Mfereji uliokuwa ukidondoka tangu Ndindi yuko chekechea ulikuwa umenyamaza. Stuli iliyolegea mguu ilisimama imara. Nyumba yote ilikuwa imetengenezwa, na utengenezaji ule ulimtia baridi ya mgongo. Nzomo alikuwa amekaa kitandani, amenyoa ndevu, amevaa shati safi.

"Umerudi mapema," akasema, kama mtu aliyeharibiwa mpango.

Nyanya yake Mwongeli alimfundisha kwamba kifo hakitajwi ndani ya nyumba, ukikitaja umekiita. Alilikumbuka fundisho hilo akiwa amesimama pale akihema, na akaona kwamba kisichotajwa kilikuwa kimeshaingia bila kuitwa. Akapiga magoti, akamshika mikono.

"Baba Ndindi, unataka kujiua?"

Nzomo hakushtuka. Kilichomtisha Mwongeli zaidi ni kwamba mabega ya mumewe yalishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Nimechoka, Mama Ndindi. Mtakuwa sawa bila mimi. Nimewatengenezea kila kitu."

Mwongeli alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine ya hasira. Aliyameza. Alisema tu kwamba amesikia, na kwamba leo haachi mkono huu, hata akienda chooni wanakwenda wote. Muthama alipofika akihema, walimweka Nzomo katikati wakatembea hadi kituo cha afya.

Daktari waliyemkuta, mwanamke aliyeitwa Khavere, hakutaja taifodi. Alimuuliza Nzomo usingizi unakatika saa ngapi, chakula kina ladha gani, lini mara ya mwisho alifurahia kitu, na kama anajiona mzigo. Akamuuliza juu ya kufa waziwazi, bila kushusha sauti. Nzomo alijibu yote, akitazama viatu vyake. Khavere akawaambia ugonjwa huo unaitwa sonona, si laana wala uvivu, na una tiba. Kutakuwa na vidonge kila siku na mazungumzo kila wiki. Lakini vidonge huchukua wiki kadhaa kushika, akaonya, na katika wiki hizo asiachwe peke yake, na vyenye makali viwe mbali naye.

"Na akitulia ghafla tena," akamwambia Mwongeli, "usifurahi. Muulize."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwongeli aliiwaza methali hiyo kila siku, na kila siku iliuma. Nzomo alirudi kibandani, lakini kupiga msasa tu kazi za wenzake. Tezo lilikaa ndani ya sanduku la Muthama, na ufunguo shingoni mwa Muthama. Mwongeli aliuza nguo huku akinyoosha shingo upande wa kibanda. Wapo wateja waliomwona ana kiburi. Usingizi wake ulikuwa wa paka, sikio moja macho.

Vidonge havikuonyesha kitu. Halafu siku moja Nzomo akalalamika muthokoi hauna chumvi. Mwongeli alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Ikafika mchana mmoja akaingia kibandani na hotpoti, akamkuta Nzomo amelishika tezo. Muthama, aliyelitoa sandukuni, alikuwa kando yake, amesimama karibu kabisa, akimwangalia mikono. Nzomo alipitisha kidole gumba kwenye ubapa wa chuma, akakunja uso.

"Nani amelinoa hivi?" akauliza. "Muthama, umeniharibia tezo langu."

Muthama akaanza kujitetea. Nzomo akamgombeza kama alivyokuwa akiigombeza redio, kuhusu jiwe la kunolea, mafuta, na vijana wasiosikia. Mwongeli alikaa kwenye gogo kati yao. Bado aliogopa. Alifungua hotpoti, akamuuliza palepale, mbele ya watu, kama yale mawazo yamerudi.

Nzomo aliliweka tezo magotini. "Huja," akasema. "Leo hayajaja."

Alikula. Alichonga kidogo, sikio la twiga tu. Jioni akalifuta tezo kwa kitambaa, akaligeuza, akamkabidhi Muthama mpini ukiwa mbele.

"Nitunzie," akamwambia, "hadi kesho."