Nguo za Pétronille na Vioo vya Marleen

Wakubwa wa komine, serikali ya mtaa, walibadilisha kufuli, basi. Jumamosi hiyo ya Januari 1996 watoto walisimama nje ya chumba chao cha darasa kule Evere, Brussels, makamasi yanawatoka, na karatasi mlangoni ikisema kwamba chumba ni cha shughuli zinazotambuliwa. Mashi, lugha inayosemwa Bukavu, mashariki ya Zaire, tangu Ubelgiji haijapata hata jina, haikutambuliwa.

Darasa hilo lilianzishwa na Pétronille, marehemu mke wa mzee Sylvestre, ili watoto wa Brussels wajue kusoma na kuandika lugha ya bibi zao. Sylvestre mwenyewe ni Mulega, mtu wa lugha nyingine. Miaka yote ya ndoa aliisikia Mashi ikipita juu ya kichwa chake. Sasa mwisho wa mwezi matanga yalikuwa yamalizwe, na mtu wa damu alipaswa kumuaga Pétronille kwa lugha yake. Hapa Ulaya mtu huyo alikuwa mmoja tu, mjukuu wao Mignonne, na nusu ya maneno hajayashika bado. Bila darasa, mama wa watu angeagwa kwa Kifaransa kama mgeni.

Sylvestre akafanya kazi anayoijua. Akawalalamikia wakubwa wa komine, akawageukia wa parokia, akafika mpaka kuwalaumu wa Kinshasa. Maman Mathilde, msusi wa Matonge, mtaa wa Waafrika pale Brussels, aliyewafundisha watoto tangu Pétronille afe, alimwacha amalize, kisha akawapeleka watoto kwenye duka la kufulia nguo karibu na Porte de Namur, hapo hapo Matonge. Mwenye duka, Marleen, ni Mfelemi, Mbelgiji wa kaskazini, aliyekulia Bukavu. Alisogeza viti tu. Ubao hakuna. Lakini mashine zilipopamba moto, vioo vya dirisha vikajaa mvuke, na watoto wakaandika kwa vidole.

Shida, nguo zikiisha mvuke nao unaisha, na somo linafutika. Habari ikatembea Matonge nzima. Watu wakaja na mafurushi: wauza samaki, wanafunzi, hata mzee mmoja, Papa Crispin, na mapazia yaliyotoka kufuliwa juzi. Mama mmoja alimwuliza kama mapazia hayo yanalala kwenye matope. Sylvestre alikaa pembeni, mikono mitupu, akiwalaumu wakubwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya matanga, jua likatoka. Mji mzima ulikuwa umeshafua, mashine zikasimama. Vioo vikakauka Mignonne akiwa katikati ya maneno ya kumuaga bibi yake, na kidole kikabaki hewani. Sylvestre akaanza tena na komine.

“Papa Sylvestre,” Mathilde akasema, “hasira yako haitoe mvuke. Leta nguo.”

Mzee akatoka. Nyumbani kwake, barabara ya pili, kulikuwa na sanduku chini ya kitanda: vitenge vya Pétronille, ambavyo alikuwa hajavifua tangu afe kwa sababu harufu yake ilikuwa bado imo. Alikaa navyo mapajani kidogo. Alikinusa kimoja, cha bluu. Kisha akalibeba sanduku lote.

Dukani Mathilde alivipokea kimoja kimoja, akavitia mashineni, na kutoka hapo kwenye mashine ya kukaushia. Vioo vikapauka kwa mvuke polepole kuanzia chini, na Mignonne akaandika mpaka akachuchumaa. Wamama wakasoma, wakaanza kucheka. Sylvestre akauliza kumeandikwa nini.

“Koko, ngoja matanga,” mtoto akasema, maana babu au bibi kwao ni koko.

Siku ya matanga wamama walivaa vitenge vile, maana Sylvestre alikuwa amewagawia vyote, ila kile cha bluu. Mignonne alisimama akasema yote kwa kichwa, hakuna kioo. Vigelegele vikapigwa, halafu kicheko, watu wanashika mbavu. Sylvestre akamwinamia Mathilde amfasirie.

“Bon. Anasema: koko, enda na amani. Bwana yako angali analalamika, lakini tutamuvumilia.”

Mzee akacheka mpaka akatoa leso. Kisha akauliza darasa linaanza saa ngapi Jumamosi. Wale wa komine yeye atawalalamikia kwa Kifaransa, akasema, lakini huyu mtoto lazima ajibiwe kwa Mashi.